Majina Tuliyoyapa Maharagwe

Endebess, 28 Machi 1949

Daftari hili ni la Sellah Nakhungu, mzaliwa wa Matulo, mwalimu. Mwingine akilifungua, macho ni yake na aibu pia ni yake.

Mvua imeanza leo mchana. Nyumba yangu inavuja mahali pawili, na pamojawapo ni juu ya kitanda. Shule yenyewe ni chumba kimoja cha udongo pembeni mwa shamba la Mzungu, kwa ajili ya watoto wa vibarua. Padre alinipa rejista mpya, boksi la chaki na maneno matatu: "Uwe na subira." Nilipomuuliza mwalimu aliyetangulia alikwenda wapi, alijibu kwamba hali ya hewa haikumfaa. Nimeiona hiyo hali ya hewa. Ukungu unashuka kutoka mlimani asubuhi na kukaa madirishani mpaka saa nne, kama jirani asiye na kazi.

4 Aprili

Chuoni walinifundisha kufundisha darasa moja. Hapa nina darasa moja lenye watoto wa kila namna. Wanjala, mwana wa nyapara, anasoma upesi na anataka kila mtu ajue. Kemboi ni kipofu tangu kuzaliwa, na hakuna kitu darasani ambacho vidole vyake havijakikagua, pamoja na viatu vyangu. Jelimo ni kiziwi na hasemi. Anaweza kuwa na miaka tisa. Anakaa mwisho wa benchi, anachora kwa mkono wa kushoto juu ya vumbi, naye huchora vizuri kuliko mimi. Mama yake alipomleta alisema, "Huyu hata usipomfundisha si mbaya, akae tu." Nilitamani kumjibu vibaya. Nikaandika jina la mtoto kwenye rejista.

Mama huyo anaitwa Mama Chepchumba. Nadhani Chepchumba ndiye mkubwa, ameshaolewa.

6 Aprili

Nimepata somo litakalowatosha wote: maisha ya mmea, kutoka mbegu mpaka mbegu. Kila mtoto na shimo lake, kila shimo haragwe moja. Wanjala ataandika anachokiona. Kemboi atapapasa. Jelimo atachora. Hakuna atakayekaa tu.

Taabu ilikuwa kutofautisha mimea. Kemboi hawezi kuona mistari, na Wanjala alikwisha kuanza kuhamia shimo la jirani lenye udongo mzuri. Nikasema, basi kila mmoja aipe mbegu yake jina. "Ipeni jina kama mnavyompa mtoto jina nyumbani," nikasema, nikajiona nina akili.

Wakaacha kusukumana wote, hata Wanjala. Halafu wakapiga magoti, kila mtu akainama juu ya shimo lake na kunong'ona. Walinong'ona muda mrefu, wakibadilisha majina, na kusubiri kati ya jina na jina. Jelimo hakuweza kunong'ona. Alikishika kiganja cha Kemboi na kuchora kitu ndani yake kwa kidole. Kemboi akasema, "Yake ni Chepchumba."

Ya dada yake. Nikaona ni upendo mzuri. Niliandika majina yote kwenye vibao kwa mkono wangu mwenyewe.

7 Aprili

Mvua.

15 Aprili

Yameota! Udongo umepasuka na migongo ya maharagwe imejikunja kama watoto waliofunikwa blanketi. Kemboi aligusa lake, akacheka. "Amekubali, mwalimu." Wanjala: "Yangu bado inakataa. Nimeita majina mbili." Nikamwambia aache maneno, amwagilie maji.

La Jelimo ndilo kubwa kuliko yote. Kona ile ilikuwa zizi la ng'ombe zamani, mbolea ipo. Nimewaeleza hivyo. Walinisikiliza kwa adabu.

2 Mei

Sasa tuna desturi. Asubuhi nikimaliza kuita majina ya watoto, tunatoka nje na naita majina ya mimea kutoka kwenye vibao. Mwenye mmea anaitika, "Yupo!" Kisha anasema ameona nini: jani la tatu, mdudu, kikonyo. Kemboi anaitika kwa niaba ya Jelimo. Sijawahi kuwa na darasa linalopenda rejista kiasi hiki.

Kitu kimoja kinaniudhi. Jelimo anamwaga nusu ya uji wake kwenye mmea. Nimemkataza kwa vidole na kwa macho. Kesho yake anamwaga tena.

5 Mei

Mvua. Nimeshona sketi.

11 Mei

Leo sina nguvu ya kuandika vizuri, lakini nisipoandika nitaanza kusema sikuliona.

Tulikuwa nje, ukungu bado mzito. Nikaita, "Chepchumba?" Kemboi akaitika, "Yupo!" Nikasikia debe linaanguka nyuma ya ua. Mama yake Jelimo alikuwa anatoka mtoni. Maji yalimwagika yote, hakuyatazama. Aliingia kwa pengo la ua, akakaa chini kwenye tope mbele ya mmea ule na kunitazama.

"Mwalimu, ita tena."

"Mama, kuna nini?"

"Ita tena, si ulikuwa unaita?"

Nikaita tena. Watoto wote, si Kemboi peke yake, wakaitika kwa sauti moja: "Yupo!"

Mama alifunika uso kwa mikono yote miwili. Jelimo alikuja kusimama karibu naye, akamgusa bega. Mama hakugeuka.

12 Mei

Nimempata Kogo Jerono peke yake jikoni. Ndiye anayetupikia uji, na watoto wote humwita Kogo, yaani bibi, hata wale wa kabila langu. Nikamwambia sitoki mpaka nijue. Akaendelea kukoroga.

Chepchumba alikufa mwaka jana kwa surua. Alikuwa mtoto wa kwanza, anasema sana, anaimba, anajua kusoma kabla ya wenzake. Hakufa peke yake. Surua ilipita katika benchi za shule hii kama moto wa nyasi, na mwalimu aliyetangulia alizika wanafunzi mpaka akashindwa kukaa. Majina yote niliyoandika kwenye vibao ni yao.

"Wewe uliwaambia wape jina kama nyumbani," alisema Kogo.

Ndiyo. Niliwaambia. Na mimi mwenyewe naitwa Nakhungu kwa sababu nilipokuwa mchanga nililia bila kunyamaza mpaka wakataja shangazi wa baba yangu, marehemu, nikatulia. Kwetu mtoto hunyamaza. Kwa watu wa mlimani, Kogo alinieleza, mtoto mchanga huitiwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na akipiga chafya jina limemkubali na mwenye jina amerudi. Watoto waliyaitia maharagwe hivyohivyo, na kila lililopasua udongo walilihesabu limekubali. Mimi nimesoma vitabu vya elimu ya mimea, nikasahau kitu ambacho hata mbuzi wa Matulo wanakijua.

"Sasa ubaya ni nini?" nikamuuliza. "Ni maharagwe."

"Tunaita wazee. Wale walizaa, wakashiba dunia. Mtoto haitwi, mwalimu. Huyo atakuja na njaa yake."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

13 Mei

Sikuita majina ya mimea leo. Niliwaweka ndani, nikafundisha hesabu. Saa nne ukungu ulipoinuka, watoto walikwenda nje kunywa uji, nami nikawasikia kwa dirisha. Walikuwa wanaitana wenyewe kwa mpangilio wangu, kibao kwa kibao, na kuitika.

20 Mei

Mama watano kwenye ua asubuhi. Wanasikiliza, kisha wanakwenda kupalilia mahindi ya Mzungu. Mmoja aliacha yai chini ya kibao.

Nilitaka kuing'oa mimea yote. Nilishika ule wa kwanza kwa shina, na mkono wangu ukakataa. Mimi, mwenye cheti! Nimejikasirikia jioni nzima.

3 Juni

Maua. Meupe, na mengine yana wekundu kidogo. Kemboi anasema ya Jelimo yana harufu ya nywele. Nilinusa. Yana harufu ya maua ya maharagwe. Baadaye nilinusa tena.

9 Juni

Mvua ya mawe. Mahindi ya Mzungu yamelala chini ekari nzima, majani ya ndizi ya Kogo yamechanika kuwa nyuzi. Maharagwe yetu hayakupoteza hata jani. Paa la shule limechomoza mbele upande ule, linaweza kuwa liliyakinga. Nimeliandika hivyo na linabaki hivyo.

22 Juni

Maganda yamejaa. Kemboi anahesabu mbegu kwa kubonyeza, hakosei. Jelimo amechora mmea wake mara nyingi ukutani kwa mkaa, hatua kwa hatua, na mara zote chini ya mmea, mahali pa mizizi, amechora miguu. Nilimwonyesha kwa mkono: hapana, mizizi. Akanitazama kwa huruma.

29 Juni

Majani yameanza kuwa manjano. Ndivyo ilivyo, maharagwe yakikomaa hukauka, nilishalifundisha mara kumi. Leo nimelifundisha tena, na Wanjala, Wanjala yule wa majibu ya haraka, ameanza kulia. "Inakufa tena, mwalimu." Nilimshika kichwa. Nilisema mbegu iko ndani ya ganda, haijafa, ndiyo tutakayoipanda. Karibu wote walielewa. Niliona nyuso zao zikilegea.

Jelimo hasikii. Kwake hakuna aliyesema neno. Ameona tu majani yanaanguka.

4 Julai

Jelimo hali. Mwanzoni nilidhani anampa mmea uji wote, nikamvizia. Hamwagi tena. Anaushika uji mpaka unapoa, kisha anaurudisha kwa Kogo. Nyumbani pia hali, nimeuliza.

"Anaenda na mmea," akasema Kogo. Akina mama kwenye ua walikuwa wanajua tayari.

Nilimwambia Mama Chepchumba amlazimishe, amshike pua, afanye lolote. Alikuwa anautazama mmea, si mtoto. "Yule alikuwa anaimba, mwalimu," akasema. "Hujamsikia." Nimekasirika. Ana mtoto mwingine, mzima, pale pale karibu na goti lake.

9 Julai

Nimempeleka Jelimo Kitale kwa lori la maziwa. Amekuwa mwepesi, nilimpakia kwa mkono mmoja. Daktari msaidizi alimpima kifua, ulimi, tumbo. Haoni ugonjwa. "Mtoto ana njaa tu. Mlishe." Nikamwambia asante, safari yote hii nilikuwa nangoja hekima hiyo.

Nilimnunulia mkate. Aliushika mpaka Endebess.

14 Julai

Hawezi kutembea mpaka shuleni. Kemboi ndiye anayembeba mgongoni, kipofu mbele na kiziwi nyuma, na Jelimo humwelekeza kwa kumgonga bega. Anataka kukaa kando ya mmea tu. Umebaki vijiti na maganda makavu.

Nimefikiri kama mwalimu, maana sijui kufikiri namna nyingine. Mtoto huyu hajapewa somo la mwisho. Wengine walilipata kwa masikio. Yeye lazima alione na kulishika: ganda kavu linapasuka, mbegu inatoka, mbegu ni ileile tuliyoipanda Aprili. Akiiona mbegu ataelewa kwamba hakuna kilichokwisha. Nitapura maharagwe mbele yake.

Kogo Jerono alisikia mpango huu akaweka mwiko chini. "Pura, ni chakula. Lakini mtoto asikaribie, na mama yake asiwepo." Nikamuuliza sababu. "Vumbi," akasema.

Vumbi! Mtoto anakufa, yeye ananiambia vumbi.

19 Julai

Jua limetoka leo, la kwanza wiki hii. Tulitandika gunia uani. Watoto walileta mimea yao, kila mmoja na wake, na hawakucheza. Akina mama wakasimama kwenye ua. Nilimketisha Jelimo mbele kabisa, ameegemea Kemboi. Mama yake aliingia na kukaa upande wa pili wa gunia. Sikumzuia. Ningemzuia vipi?

Nililichukua ganda moja la mmea wa Jelimo, nikaliweka kiganjani mwake, na Kemboi akavikunja vidole vyake juu ya vya Jelimo wakabonyeza pamoja. Ganda likalia, ta! Mbegu zikaruka. Nikachota moja na kumwonyesha, kisha nikaonyesha udongo, kisha mmea, kisha mbegu tena. Mduara. Nikauchora hewani mara tatu. Na nina hakika, kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti mbele ya uso wake, kwamba alielewa. Macho yake yalifunguka. Alinitazama, akaitazama mbegu, akaanza kutabasamu. Nilifurahi mpaka nikataka kupiga kelele.

Nikasimama, nikachukua fimbo, nikapura. Watoto wakajiunga. Maganda makavu yanatoa vumbi jeusi, kila mkulima anajua, linaingia puani na kuwasha. Katikati ya fimbo nikasikia sauti ya mama, kwanza chini kisha juu, anaita: "Chepchumba. Chepchumba. Chepchumba."

Jelimo alipiga chafya.

Fimbo zote zilisimama. Kwenye ua mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kama wanavyopiga mtoto mchanga akipata jina. Wengine wakamfuata. Mama alipita juu ya gunia, akambeba mtoto, akamlamba vumbi usoni, analia na kucheka. Akafunga maharagwe ya mmea ule kwenye kona ya leso, akaenda naye.

Nilibaki na fimbo. Nikawaambia watoto kwamba ni vumbi. Kila mtu alikuwa amepiga chafya, hata mimi.

20 Julai

Amekula! Mama aliyachemsha maharagwe yale jana hiyohiyo, na mtoto akayala yote, hakubakiza hata moja la mbegu. Kisha akaomba ugali kwa mkono. Nilikaa chini jikoni kwa Kogo nikalia kwa furaha, na kusema, "Unaona? Somo tu!" Kogo akanipa uji.

26 Julai

Amerudi shuleni, anatembea. Ananenepa haraka ajabu. Mama humleta mwenyewe sasa, amemshika mkono, amemsuka nywele. Sijawahi kumwona akimshika mkono zamani.

Mkono wa kushoto wa mtoto umefungwa kwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko. Nikauliza ameumia wapi. "Hajaumia," mama akasema. "Huyu anatumia wa kulia."

Kwa mkono wa kulia hachori. Nilimpa mkaa, akaushika, akauweka chini.

1 Agosti

Mama Chepchumba amekuja asubuhi, amevaa nguo ya kanisani.

"Mwalimu, andika jina la mtoto vizuri kwa hiyo rejista yako."

"Lipi?"

"Chepchumba."

"Na Jelimo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari ya jambo la zamani, la huzuni lakini limeshapoa. "Jelimo si tulizika mwaka jana, na surua. Hukuambiwa?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia nimemfundisha Jelimo tangu Machi, nimempeleka Kitale kwa lori, nimeona meno yake yaking'oka. Alinipigapiga mkono kwa upole. Nilikwenda kwa nyapara, baba yake Wanjala, mtu wa Biblia na wa kwetu. Akasema, "Mwalimu, mama ndiye anajua alizaa nani. Wewe ni nani wa kubishana naye?" Nilikwenda kwa Kogo. Alikoroga sufuria muda mrefu. "Yeye anakula," akasema. "Si ulitaka ale?"

Nilitaka ale. Bado nataka. Sijui nilimwambia nini kwa ule mduara wangu hewani, na yeye alielewa nini.

4 Agosti

Nimeita rejista. Sikubadilisha kitu. "Jelimo?" Benchi zote zikajibu, pamoja, bila ubishi: "Hayupo."

Alikuwa amekaa mbele kabisa, mahali ambapo hakukaa kamwe, nywele zimesukwa, ananitazama mdomoni.

Baada ya masomo nilimwita Kemboi. Yeye huwajua watu wote kwa kuwashika. Hadanganywi na nguo wala nywele. Nikauweka mkono wa yule mtoto ndani ya wake, ule wa kulia, kisha nikafungua kitambaa nikampa na wa kushoto. Akavipapasa vidole kimoja kimoja. Alivirudia. Kisha akaiachia mikono yote miwili.

"Ni nani, Kemboi?"

"Mwalimu, usiniulize."

5 Agosti

Shule inafungwa leo. Padre ameandika kwamba nikipenda naweza kuhamia Tongaren mwezi wa tisa. Sijamjibu. Nikiondoka hapatakuwa na mtu hata mmoja hapa wa kusema kulikuwa na mtoto aliyechora vizuri kuliko mwalimu wake, naye hakuwahi kufa.

Mchana, wengine walipokuwa wanafagia, yule mtoto alisimama peke yake mlangoni, amenipa mgongo, anatazama mvua. Nilimkaribia mpaka hatua moja. Nikasema polepole, "Jelimo." Hakugeuka. Nikasema kwa nguvu. Hakugeuka. Basi, ni kiziwi, hakuwahi kusikia, haithibitishi kitu chochote, na mwalimu wa sayansi lazima aseme hivyo.

Lile jina lingine nilikuwa nalo tayari mdomoni. Sikuliita. Naogopa atageuka.